Bati la Mwalimu Sulaimani

Wandegeya, Kampala
9 Februari 1975

Dada yangu Kulthum,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima wa afya, wewe na shemeji Bashir na watoto. Sisi huku tunapumua, alhamdulillahi. Mama hajambo, ni magoti tu yanayomsumbua ikinyesha. Sukari imekuwa kitu cha kusimuliwa, lakini hilo unalijua.

Ile filamu yangu imekwisha. Dakika kumi na mbili, Dada! Mkubwa wangu wa kazi aliniruhusu kutumia mabaki ya mikanda ya ofisi, nami nikaipiga pale pale kwetu Kyebando, uani kwa Mwalimu Sulaimani, yule yule aliyekufundisha alifu kwa kijiti. Inaonyesha wanafunzi wake wakijiandaa kupiga matali, zile ngoma za mkononi, siku ya maulidi. Mtaa mzima umo ndani. Walifunga vibanda vyao, wakafua kanzu, wakasimama juani siku mbili kwa ajili yangu, na hawakutaka malipo ila moja, wajione. Nami nikaropoka mbele ya Mwalimu na mbele ya Mama kwamba kabla ya maulidi yajayo watajiona ukutani, kila mmoja mkubwa kama nyumba.

Sasa nimekwama. Filamu ndefu ina wenyewe, Dada, lakini fupi ni yatima. Zamani kila sinema hapa mjini ilionyesha kwanza ndogo, kisha kubwa. Siku hizi nafasi ile ya mwanzo ni ya gwaride na hotuba, kwa amri. Nilimwendea bwana mpya wa sinema, kapteni mmoja aliyeipata Wahindi walipoondoka. Hata kukaa hakunikaribisha. Akaniambia, "Hii firimu yako iko ndogo. Mtu nalipa pesa yake kuona kitu kubwa." Nikamwambia basi aionyeshe bure. Akasema dakika kumi na mbili mara tatu kwa siku ni watu wa mwisho kutoka giza limeshaingia, na gizani hakuna anayetaka kutembea. Hapo alisema kweli.

Gari la ofisi la kuonyeshea watu vijijini limekaa juu ya mawe, magurudumu yamekwenda na wenye bunduki. Na bodi ya kukagua filamu, ambayo bila cheti chake huonyeshi hata harusi, haijakutana tangu mwaka jana. Wajumbe wawili hawajulikani walipo. Nimepeleka mkanda mara nne na kila mara karani ananiambia nisubiri. Nimesubiri mpaka kusubiri kwenyewe kumenichoka.

Mdogo wako,
Farouk


Kisumu
27 Februari 1975

Kwako Farouk, mdogo wangu mwenye hasira za mkizi,

Waalaykumu salaam. Barua yako nimeipata, sote tu wazima, ila Bashir ana jino linalomfanya anune kama wewe. Nimefurahi filamu imekwisha na nimecheka ulivyoropoka. Wewe tangu mdogo huahidi kwanza, kufikiri baadaye.

Hebu nisikilize. Unakumbuka nilipoolewa, utingo wa basi alikataa sanduku langu? Mama hakubishana naye. Alilifunga juu ya mzigo wa mfanyabiashara wa ngozi, likapanda kama limezaliwa humo, na kwenye kila kizuizi walihesabu mzigo mmoja. Nawe fanya hivyo hivyo. Hizo filamu za ngumi zinazojaza watu, si zina cheti tayari? Unga yako kichwani mwa mojawapo. Karatasi itasema ngumi, mlango utafunguliwa kwa ngumi, na yako itakuwa imeshapita. Nani atauliza?

Halafu unaniandikia magoti ya Mama kwa mstari mmoja na kapteni kwa kurasa mbili. Mimi miaka minne sijamwona mamangu. Bashir anasema njia ya Busia ina vizuizi vingi kuliko vituo vya basi, na kusema kweli sijambishia sana, maana nami naogopa. Basi niandikie. Anakula? Bado anasuta watu?

Dada yako,
Kulthum


Wandegeya
14 Aprili 1975

Dada Kulthum,

Salamu nyingi, na hali zenu? Zetu usiulize. Ningeweza kukulaumu wewe kwa lile shauri la sanduku, lakini shauri lilikuwa zuri, laana yake ndiyo hiyo.

Nilimpata Oloya, fundi wa projekta pale kwa kapteni, mtu wa Kitgum, mpole, tunajuana tangu kabla ya mambo haya. Akaunga filamu yangu kichwani mwa riili ya kwanza ya filamu ya ngumi, kwa gundi, kazi safi usiyoweza kuona kiungo. Jumamosi, onyesho la saa tisa. Maulidi yalikuwa yameshapita, lakini nikaona siku chache si hoja. Nikawapelekea habari Kyebando, nao wakaja wote kwa miguu, kanzu nyeupe, gomesi, kanga. Mama alijipaka wanja! Mwalimu Sulaimani alitaka kubebwa kwa baiskeli akaona haya, akatembea na fimbo mpaka mjini.

Taa zikazimwa, gwaride likapita, hotuba ikapita. Kisha, Dada, nikaliona paa la bati la Mwalimu ukutani, kubwa, linang'aa, na matali yakaanza kusikika kwa mbali. Mama akanishika mkono. Mara mlango ukafunguliwa, askari wakaingia, kumi au zaidi, na hawakuketi hata. "Wewe fundi! Toa hii! Sisi nataka ngumi! Ngumi saa hii!" Mmoja akapiga kiti kwa kitako cha bunduki. Oloya ana watoto. Aliifungua riili ile na kuweka ya pili, filamu ikaanzia katikati, na watu wangu wa Kyebando wakakaa saa nzima na nusu wakitazama Wachina wakipigana kwa sababu wasiyoijua, kwani hakuna aliyethubutu kuinuka.

Nje Nusura jirani, yule mwenye kibanda cha mihogo, akaniuliza mbele ya wote, "Farouk, ssebo, sisi tumetoka Kyebando na miguu kuona bati?" Wakacheka. Tangu siku hiyo mimi ni Bwana Bati, na Mama akipita sokoni ni Mama Bati. Yeye anawajibu, lakini akifika nyumbani hanisemeshi.

Hilo bado. Jumapili nikaenda kuchukua mkanda, chumba cha projekta kimefungwa. Jumatatu nikaambiwa Oloya haonekani, na riili zote zimekwisha kurudishwa kwa wenyewe Nairobi, mkanda wangu ukiwa bado umeungwa kichwani! Nakala ile ni moja tu duniani. Huyo Oloya nilimwamini na naona wazi kaniuza. Siku nitakayomtia mkononi atanitambua.

Mwalimu tangu matembezi yale amelala kifua. Kila nikienda kumjulia hali ananiuliza, "Lini?"

Mdogo wako,
Farouk


Kisumu
5 Mei 1975

Farouk,

Salamu baadaye. Filamu yako iko hapa.

Jana Bashir alikwenda sinema na wenzake wa reli. Nimekaa nachambua mchele, namwona anarudi mbio, kofia mkononi, nikadhani kuna msiba. "Kulthum, mamako yuko ukutani!" Nikamwambia akalale, jino limempanda kichwani. Akaapa. Anasema aliona ua wa Mwalimu, akasikia matali, na Mama mkwe akapita mbele yake mrefu kuliko mlingoti. Kisha watu wakaanza kupigana ngumi.

Kesho nakwenda mwenyewe. Mwambie Mama. Au usimwambie bado.

Dada yako,
Kulthum


Wandegeya
19 Mei 1975

Dada,

Natumai hamjambo, mimi sijambo, Mama hajambo. Ukatwe! Nenda na mkasi, mwambie meneja huo ni mkanda wa mdogo wako, akate pale kwenye kiungo, akupe! Ni kazi ya dakika mbili. Watu wa Kisumu wanakula chakula nilichowapikia watu wa Kyebando, na wenye sherehe wako nje wanashika matumbo. Wiki mbili sasa kila siku wanatazama, na Mwalimu amelala hapa anakohoa!

Na ukimwona yule mwizi Oloya huko, maana mali iko huko na mwizi hawi mbali na mali, mwambie Mungu anamwona.

Karani wa bodi ameniita jana. Nilidhani ni heri. Alitaka kujua kama bado nasubiri.

Farouk


Kisumu
16 Juni 1975

Mdogo wangu Farouk,

Assalaam alaykum. Pokea salamu zetu zote. Barua hii haiji kwa posta, anakuletea Mama Bibiane, Mkongomani wa vitenge anayeleta mali Kikuubo. Mpe maji na umheshimu, amepita kwingi.

Kwanza, yule uliyemwita mwizi. Usilitaje tena jina lake, hata kwa ulimi. Jumamosi ile ile magari yalisimama mtaani kwao, wakawa wanawaita watu wa kabila lake mmoja mmoja. Alitoka kwa dirisha la nyuma bila viatu, sembuse kukutolea mkanda! Gari lililobeba riili ndilo lililomvusha, chini ya turubai. Sasa anasaidia chumba cha projekta hapa na Ijumaa anakula kwangu. Kila siku anaionyesha filamu yako, akaniambia, "Mwambie Farouk sijaikwaruza." Mkewe Adyero, anayeuza simsim karibu na ofisi yenu, mwambie tu kwamba shati limefika. Ataelewa.

Pili, mkanda. Nimekwenda kwa meneja mara tano. Mara ya kwanza na maneno, mara ya pili na Bashir, mara ya tatu na sambusa. Ananifungulia karatasi yake ananionyesha, riili sita, filamu moja, cheti kimoja. "Mama, hapa hakuna filamu ya matali. Nikikata, nimekata mali ya watu wa Nairobi." Nikamwambia hivi huoni kwamba wale ni Waislamu wa Kyebando na hawa ni Wachina? Akasema yeye haonyeshi akili yake, anaonyesha kilichoandikwa. Nilirudi nyumbani nimeuma kanga kwa hasira. Sanduku tulilifunga vizuri mno, Farouk, sasa halifunguki. Huyo uliyemtukana angeweza kuukata kwa siri, na alijitolea, nikamkataza mimi. Hana karatasi hapa, akifukuzwa atarudishwa huko huko alikotoka.

Na mtu mwingine wa kulaumu sina, maana watu wanaipenda! Wanadhani Mwalimu Sulaimani ndiye aliyemfundisha ngumi yule kijana wa kwenye filamu, na matali ndiyo mazoezi yenyewe. Kila yule kijana akipigwa, wanapiga kelele, "Mwite mzee! Mzee yuko wapi?" Wanamngoja arudi mpaka mwisho, na taa zikiwaka wanalalamika kwamba hakurudi.

Sasa nikwambie nilichokiona. Linaanza bati, jua limelipiga, unasikia matali huku huoni mtu. Halafu anatoka Mwalimu na majani makavu ya migomba, anawasha moto uani, anaanza kuyapasha matali moja moja, anaigonga ngozi, anasikiliza kama anayemsikiliza mtoto mgonjwa, anarudisha motoni. Wanafunzi wako mistari miwili, Habib yule mrefu mbele. Wanawake wako upande wa ukuta. Kuku anapanda juu ya mkeka, bibi mmoja anamfukuza kwa kanga na watu wote hapa wanacheka. Wanaanza polepole, wanainama, wanainuka, mikono inapita juu ya vichwa, na mwendo unapanda, unapanda, mpaka Habib anachelewa pigo moja na Mwalimu anamtupia jicho. Nililiogopa jicho hilo nikiwa nimekaa Kisumu. Mwishoni wananyamaza wote ghafla na Mwalimu anatazama moja kwa moja kwetu, anacheka, meno yote mawili. Ni filamu nzuri, Farouk. Sikutegemea. Nililia.

Hapa usiwasomee watu. Nilikwambia bibi mmoja alimfukuza kuku. Siku ya kwanza nilicheka na wengine, nikaendelea kumtafuta Mama. Nikamtafuta mpaka filamu ikaisha nikadhani Bashir kanidanganya. Siku ya pili yule bibi alipokwisha kumfukuza kuku, akafunga upya upindo wa kanga kwa mkono wa kushoto, kama anavyofunga yeye, ndipo nikamjua Mama. Amekuwa mfupi, Farouk. Amekuwa mdogo. Magoti tu, uliniandikia. Magoti tu!

Mwezi ujao riili zinakwenda Nakuru.

Dada yako,
Kulthum


Wandegeya
2 Julai 1975

Dada Kulthum,

Salamu kutoka kwetu sote, na safari hii ninaposema sote nina maana Kyebando nzima. Mama Bibiane alifika salama, na barua ilikuwa imefichwa mahali ambapo sitakuandikia.

Shati nimelitaja kwa mwenyewe. Aliketi chini pale pale kando ya barabara, sinia la simsim kichwani, nikambebea. Niliyoyasema juu ya mumewe nimeyameza, na yalikuwa makubwa.

Niliisoma barua yako mara tatu nikatupa kiatu ukutani. Nakuru! Baada ya Nakuru ni Eldoret, na baada ya hapo Mungu ndiye mwenye kujua. Kisha nikasikia Mwalimu amezidiwa, nikaichukua barua nikaenda nayo kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kwenda nacho. Kulikuwa na watu wamekuja kumjulia hali. Nikasoma. Nilianzia kwenye bati.

Mwanzo Nusura alisema, "Bati tumeshaona." Lakini nilipofika kwenye majani ya migomba waliokuwa uani wakaingia, walioshindwa kuingia wakasimama dirishani. Kwenye kuku walicheka pale pale walipocheka watu wa Kisumu. Kwenye kuchelewa kwa Habib, Mwalimu akainuka kwenye mto akamtazama, na Habib, mtu mzima mwenye watoto watatu, akajificha nyuma ya mlango. Nilipowasomea kwamba Mwalimu anangojewa na Wajaluo aje kupigana, alicheka mpaka tukaogopa kifua kitapasuka. Akasema, "Waambie nilikuwa na udhu, sikutaka kuupoteza." Nikatakiwa kurudia tangu mwanzo. Nimeisoma mara nne kwa siku ile, na jana wamekuja wa mtaa wa juu, na wa leo bado wako nje.

Nina furaha, na nina hasira vile vile, usijidanganye kwamba hasira imekwisha. Mimi ni mpiga filamu. Nilihangaika mwaka mzima na mwanga, na watu wangu wameitazama filamu yangu kwa mwandiko wako! Mwalimu anasema ahadi nimeitimiza, ameshajiona, sasa nimwache alale. Mimi sijaona kwamba nimeitimiza. Siku moja nitaileta.

Wametoa maswali, wamenishika shati niyaandike. Nusura anauliza gomesi yake ya manjano inaonekana manjano? Habib anauliza pigo lile, watu wa kawaida wanaligundua? Mzee wa adhana anataka kujua alisimama wapi, maana anaona hukumtaja. Wengine wote wanauliza jambo moja tu, "Na mimi je, aliniona?"

Sehemu uliyonikataza niliiruka. Mama alikuwa ameketi mlangoni. Akasema, "Umeruka." Nikasema sikuruka. "Farouk, nimekufunza kusoma mimi. Macho yako yamepita mistari na mdomo umefungwa." Watu wakamtazama. Jioni tulipobaki wawili akaniuliza, "Kulthum alinijua?"

Nimemwambia nitakuuliza wewe. Nijibu nini?

Mdogo wako,
Farouk


Kisumu
13 Julai 1975

Farouk,

Waalaykumu salaam, na wote waliosimama dirishani nao wasalimie.

Majibu haya hapa. Nusura mwambie filamu haina rangi, lakini gomesi iliyowaka kuliko zote ilikuwa moja, karibu na ukuta, nami nikajiuliza ni ya nani. Habib mwambie Bashir hakuligundua lile pigo, na Bashir hagundui hata chumvi ikizidi. Mzee wa adhana alisimama nyuma ya Mwalimu, nikamwona akinyoosha kola. Waliobaki, niliwaona wote. Waambie hivyo, wote, na asiyeamini aje aniulize.

Riili zimeondoka jana. Nilikwenda stendi kuzitazama zikipakiwa. Huyo wetu alizifunga vifuniko yeye mwenyewe, kwa kamba mbili.

La Mama usilijibu. Bashir amekataa, nimemwambia, amekataa tena, hatukusemezana siku nne, na sasa amenikatia tiketi. Mama Bibiane anavijua vizuizi vyote kwa majina na nitakuwa naye. Tukijaliwa, Ijumaa jioni niko Kyebando.

Mwambie Mama asivae kanga mpya, asipake wanja. Akae na wanawake wengine pale upande wa ukuta, penye mkeka. Na nyinyi, nikiingia uani, mtu yeyote asininyooshee kidole. Niacheni nimtafute mwenyewe.

Dada yako,
Kulthum